Historia ya globu, na ile taa ya nje isiyozimwa

Hebu nikuulize swali kabla hatujaanza. Katika nyumba unayoishi, ni taa ipi inayokula umeme kuliko zote? Wengi mtajibu haraka haraka: ya sebuleni. Ndiyo inayoonwa na wageni, na ndiyo wazazi wanayoipigia kelele watoto wakisahau kuizima. Lakini chukua kalamu tupige hesabu. Taa ya sebuleni inawashwa saa moja jioni, inazimwa saa tano usiku. Hizo ni saa 4. Taa ya nje, ile ya kutishia wezi, inawashwa saa kumi na mbili jioni na kuzimwa saa kumi na mbili asubuhi. Hizo ni saa 12. Na hapo ni kama kuna mtu atakayekumbuka kuizima. Kwenye nyumba nyingi za kupanga mtaani utaikuta inawaka saa nne asubuhi, inashindana na jua.

Nimekuwa nikisoma historia ya globu kwa muda sasa, na kila nikisoma narudi kwenye jambo hili hili. Kila globu iliyowahi kutengenezwa imebeba ndani yake mazoea ya mtu fulani: anawasha saa ngapi, anazima saa ngapi, bili analipa nani. Ukiinunua bila kuyajua mazoea hayo, unalipia maisha ya mtu mwingine. Twende taratibu.

Tunafundishwa shuleni kwamba Thomas Edison ndiye aliyegundua globu. Mwingereza Joseph Swan alionyesha yake hadharani mwanzoni mwa mwaka 1879, na Edison alifanikiwa na ya kwake Oktoba mwaka huo huo kule Marekani. Kilichomtofautisha Edison ni kwamba hakuuza globu peke yake. Aliuza mtambo, waya, mita na globu, vyote kwa pamoja. Tarehe 4 Septemba 1882 aliwasha kituo chake cha Pearl Street, New York, na miongoni mwa wateja wa kwanza kabisa ilikuwa ofisi ya gazeti la New York Times. Kwa sisi wa kazi hii hilo halishangazi. Chumba cha habari kinafanya kazi usiku, na gesi iliyokuwa ikitumika kuangazia ilitoa joto na kuchafua hewa. Kwa hiyo globu ya kwanza ilitengenezwa kwa ajili ya watu wenye fedha, wenye kazi ya usiku, na mtu wa kuizima wakimaliza.

Huku kwetu umeme haukuchelewa kufika, ila ulifika kwa wachache. Zanzibar, Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, linatajwa kuwa miongoni mwa majengo ya kwanza Afrika Mashariki kuwekwa taa za umeme. Dar es Salaam umeme wa umma ulianza mwaka 1908 chini ya Wajerumani, ukahudumia karakana za reli na sehemu ya mji walikoishi wakoloni wenyewe. Wengine wote waliendelea na kibatari, chemli, na mwenye uwezo karabai.

Sasa angalia mazoea ya kibatari. Mafuta yanaonekana yakipungua. Utambi unashushwa watu wakiongea tu, unapandishwa mtoto akitaka kusoma. Chemli inambeba mtu, au tuseme mtu anaibeba chemli: akienda jikoni inakwenda, akienda uani inakwenda. Nani aliwahi kuacha kibatari kikiwaka nje mpaka asubuhi? Bibi zetu walikuwa wataalamu wa kubana matumizi ya nishati kabla neno hilo halijabuniwa. Umeme ulipoingia, mambo yakageuka. Taa ikabaki mahali pamoja ukutani, mtu akawa ndiye anayehama. Na kwa kuwa hakuna mafuta yanayoonekana yakipungua, taa ikasahaulika.

Turudi kwenye globu yenyewe. Waya mwembamba wa ndani, ambao mwanzoni ulikuwa uzi au mwanzi uliochomwa ukawa kaboni, ulibadilishwa kuwa tungsteni katika miaka ya mwanzo ya karne ya 20. Hapo tukapata ile globu ya kioo tunayoifahamu sote. Inafanya kazi kwa njia rahisi kabisa: umeme unapita kwenye waya, waya unapata moto mpaka unang'aa. Tatizo ni kwamba katika kila sehemu 100 za umeme unaoingia, zaidi ya 90 zinatoka kama joto. Kwa maneno mengine, globu ile ni jiko linalotoa mwanga kidogo kwa bahati. Wafugaji wa kuku wanalijua hili kuliko wahandisi. Wao huitundika juu ya vifaranga, na hapo ndipo mahali ambapo globu ya zamani ni chaguo sahihi, maana anayehitaji joto hapotezi kitu.

Halafu kuna kisa ambacho vijana wengi hawakijui. Desemba 1924 makampuni makubwa ya globu duniani, yakiwemo Osram ya Ujerumani na Philips ya Uholanzi, yalikutana Geneva na kuunda umoja ulioitwa Phoebus. Yaligawana masoko, na yakakubaliana kwamba globu ya nyumbani idumu saa 1,000. Kabla ya hapo zilikuwepo za kudumu saa 1,500 hata 2,000. Kampuni ambayo globu zake zilidumu kupita kiwango ilitozwa faini. Wenyewe walijitetea kwamba globu inayodumu sana inatoa mwanga hafifu kwa umeme ule ule, na kisayansi hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini faini kwa anayetengeneza kitu kinachodumu inaeleza mengine. Umoja ule ulivunjika vita vya 1939 vilipoanza, ila saa 1,000 zikabaki.

Saa 1,000 maana yake nini? Kwa anayewasha saa 3 kwa siku, ni karibu mwaka mmoja. Kwa taa yetu ya nje ya saa 12, ni siku 83. Haifiki hata miezi mitatu. Kwa hiyo yule mama mwenye nyumba aliyelalamika miaka nenda miaka rudi kwamba globu za nje "zina mkosi" hakuwa na mkosi wowote. Alikuwa na hesabu ya Geneva.

Mabadiliko yakaja kwa sababu ya mafuta. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilizuia mafuta kwa Marekani na washirika wake, bei ikapaa, na ghafla mataifa tajiri yakaanza kuhesabu umeme. Taa ndefu za mirija, zile tunazoziita tyubu laiti, zilikuwa sokoni tangu 1938, lakini zilikuwa za maofisini na viwandani. Mwaka 1976 mhandisi Edward Hammer wa General Electric akafanikiwa kuukunja mrija ule kama chemchemi ya kitanda, ukaingia mahali pa globu ya kawaida. Kampuni yake ikaona gharama ya kujenga kiwanda kipya ni kubwa mno, ikaliweka wazo kabatini. Philips ndio waliotangulia sokoni mwaka 1980 na taa yao nzito kama chupa iliyojaa maji. Hiyo ndiyo bibi yake ile taa ambayo sisi tuliijua kwa jina la enaji seva.

Enaji seva ilifika kwetu kwa wingi kwa njia ile ile ya shida. Mnaokumbuka mwaka 2006 mnajua ninachosema. Mvua zilikataa, maji ya bwawa la Mtera yakashuka, na mgao wa umeme ukawa sehemu ya maisha. Saluni zikanunua jenereta, samaki wakaoza kwenye majokofu. Uganda nao walikuwa taabani, maana Ziwa Victoria lilikuwa limepungua na mitambo ya Jinja ikakosa nguvu. Cuba, mbali kule, walikuwa na matatizo yao ya mitambo chakavu.

Sasa tazama nchi hizi zilivyofanya. Cuba, katika kampeni ya miaka ya 2005 na 2006, ilituma vijana nyumba kwa nyumba wakabadilisha globu zaidi ya milioni 9 ndani ya miezi michache. Uganda, mwaka 2007, iligawa enaji seva zipatazo 800,000. Kenya nayo mwaka 2010 ikagawa zaidi ya milioni moja. Sisi Tanzania tulitafuta mitambo ya dharura, tukaingia mkataba na Richmond wa megawati 100. Jinsi mkataba ule ulivyoishia wote mnajua: Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu.

Siandiki kufufua mambo ya Richmond. Nataka tupige hesabu moja tu. Globu ya wati 60 ukiibadilisha na enaji seva ya wati 11, unaokoa wati 49. Globu milioni mbili zinazowaka kwa pamoja saa mbili usiku, ukizibadilisha zote, unaokoa megawati 98. Karibu zile zile 100. Ni kweli globu zisingejaza Mtera, wala zisingewasha kiwanda mchana. Lakini saa ya kilele ya umeme majumbani ni jioni, na jioni tunawasha taa. Hesabu hii ingeweza kufanywa na mwanafunzi wa darasa la saba, na sikumbuki ikipewa nafasi kubwa katika magazeti yetu. Sisi waandishi tulikuwa tunafukuzia mitambo.

Hata hivyo enaji seva haikuwa malaika. Watu walizinunua, wakazifunga kila mahali, halafu wakaanza kulalamika. "Zinakufa haraka!" Zilikufa wapi? Chunguza: chooni, stoo, kwenye korido. Maisha ya enaji seva yalipimwa maabara kwa kuiwasha karibu saa 3 mfululizo, kisha kuizima kwa dakika chache. Chooni kwenye nyumba yenye vyumba sita vya wapangaji, taa inawashwa na kuzimwa mara 40 kwa siku, dakika mbili mbili. Kila kuwasha kunaichosha. Isitoshe, ilihitaji muda kupata moto, kwa hiyo mtu alitoka chooni kabla haijafikia mwanga wake kamili. Na ndani yake kulikuwa na zebaki kidogo, ambayo ikipasuka hutakiwi kuifagia kwa ufagio na kuitupa shimoni. Mangapi ya hayo yalielezwa dukani? Hakuna. Kwa hiyo taa nzuri ikafungwa mahali pabaya, ikapata jina baya.

Taa zilizoiondoa enaji seva sokoni zilianzia mbali kidogo. Mwaka 1962 Nick Holonyak alitengeneza kijitaa chekundu cha LED, kile tulichokizoea kwenye redio. Ili kupata mwanga mweupe ilihitajika rangi ya bluu, nayo ikasumbua watafiti miaka 30. Wajapani watatu, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, ndio waliofungua mlango huo, na mwaka 2014 wakapewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia. Leo balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga wa globu ya wati 60. Haina zebaki, inawaka papo hapo, na kuwashwa na kuzimwa mara kwa mara haikuisumbui kama ilivyoisumbua enaji seva.

Basi mjadala umekwisha? Tununue LED zote tukalale? Hapana, maana mazoea bado yapo ndani ya boksi. Soma boksi la balbu lililoandaliwa kwa soko la Marekani. Utaona miaka ambayo balbu itadumu na gharama yake kwa mwaka. Hesabu hizo zinachukulia kwamba taa inawaka saa 3 kwa siku. Balbu ya saa 15,000 kwa hesabu hiyo inadumu miaka 13 na ushee. Ifunge nje kwako, iwake saa 12 kila usiku. Inadumu miaka mitatu na nusu hivi. Ifunge stoo, iwake dakika 20 kwa siku, na kwa hesabu za karatasi itadumu miaka zaidi ya 120. Wajukuu wa wajukuu watairithi! Ni balbu moja, boksi moja, bei moja. Kilichobadilika ni wewe.

Kwa hiyo ushauri ninaoutoa kwenye historia hii yote ni huu: usianze kwa kuhesabu globu, anza kwa kuhesabu saa. Pita nyumbani kwako jioni moja na karatasi, andika kila taa na saa inazowaka. Kisha peleka fedha yako nzuri kwenye saa nyingi.

Nje, weka LED ya jina linaloaminika na yenye dhamana, hata kama ni ghali kidogo. Kama imefunikwa kwa kava la kioo lisilopitisha hewa, tafuta iliyoandikwa kwamba inafaa humo, maana adui mkubwa wa LED ni joto linalokwama nyuma yake. Ipo pia aina inayojiwasha giza likiingia na kujizima kukikucha, na kwa nyumba isiyo na mtu wa kukumbuka swichi hiyo ni dawa. Sebuleni na chumbani, soma namba ya kelvini. Ya 2700 ni ya manjano na inapumzisha macho. Ya 6500 ni nyeupe kama ya hospitali, nzuri jikoni na mahali mtoto anapofanyia kazi za shule. Wati zisikudanganye, tazama lumeni: kama 800 hivi ndio mwanga wa ile globu ya 60. Unapoishi kwenye umeme unaopanda na kushuka, chagua iliyoandikwa kwamba inavumilia volti nyingi, kwa mfano 85 hadi 265. Chooni na stoo, weka ya bei nafuu, ya wati chache. Na kama stoo bado kuna globu ya zamani inayowaka dakika 20 kwa siku, iache ife yenyewe. Kwa mwezi inakula uniti 0.6 tu.

Taa ya nje ya wati 60 je? Wati 60 mara saa 12 mara siku 30, ni uniti 21.6. Katika bei zilizotangazwa mwaka 2016, mteja mdogo wa nyumbani alipangiwa shilingi 100 kwa kila uniti mpaka uniti 75 kwa mwezi, na shilingi 350 kwa kila inayozidi, kabla ya kodi na tozo. Chukua familia inayotumia uniti 90, ikiwemo taa hiyo. Inalipa 7,500 kwa zile 75 na 5,250 kwa 15 zilizozidi, jumla 12,750. Badilisha taa ya nje peke yake iwe ya wati 9. Matumizi yanashuka hadi uniti 71.6, na malipo yanakuwa kama 7,160. Zaidi ya shilingi 5,500 kila mwezi, kwa balbu moja. Si kwa kuzima televisheni, si kwa kugombana na watoto. Balbu moja tu.

Na hapa ndipo jambo linapouma kwenye nyumba zetu za kupanga, zenye LUKU moja na wapangaji sita. Kila mtu anamtazama mwenzake: huyu ana pasi, yule ana friji, kijana wa chumba cha mwisho ana redio kubwa. Watu wananuniana, wengine wanahama, kwa sababu ya mchango wa umeme. Wakati wote huo taa ya nje, ambayo si ya mtu, inakula uniti 21 juu ya vichwa vyao. Mwenye nyumba hainunui nzuri kwa sababu halipi umeme. Wapangaji hawainunui kwa sababu nyumba si yao. Taa isiyo na mwenyewe ndiyo ghali kuliko zote.

Mtu ataniambia kwamba siku hizi tuna Bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115, hivyo habari za mgao na kubana zimepitwa na wakati. Sawa, bwawa ni letu na tunalifurahia. Lakini bwawa halilipi LUKU yako. Na tuwe waangalifu na tabia yetu wenyewe: taa ikishakuwa ya wati chache, tunaongeza nyingine tatu ukutani na kuziacha zote ziwake, "si zinakula kidogo?" Mchumi Mwingereza William Stanley Jevons aliliona hilo kwenye makaa ya mawe mwaka 1865. Mashine zilipojifunza kutumia makaa kidogo, nchi ikatumia makaa mengi zaidi.

Mkutane basi, wapangaji sita, mchange shilingi elfu moja moja. Mnunue balbu moja ya nje, mkubaliane nani anaizima asubuhi. Nadhani mtagundua kwamba yule kijana wa redio hakuwa mbaya kiasi hicho.